Mabao 8 kwa siku moja: mshambuliaji tumpimeje?

Leo naacha habari za programu kidogo nizungumzie mpira. Mkinivumilia mtaona ni kazi ileile: kusoma data bila kudanganywa nayo.

Swali ni hili. Mshambuliaji anafunga mabao matatu leo, kisha anakauka mechi tatu. Utamsajili? Vijiweni huku Changamwe na Kisauni jibu huja upesi: "Huyo ni wa kubahatisha." Mimi nasema tusubiri kwanza.

Mchukueni Michael Olunga wetu. Januari 2018, akiwa Girona kwa mkopo, aliifunga Las Palmas mabao 3 katika mechi moja, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo katika ligi kuu ya Uhispania. Mwaka huohuo akaenda Kashiwa Reysol ya Japani: mechi 10 za ligi, mabao 3, na timu ikashuka daraja. Mwaka 2019, katika daraja la pili, akafunga mabao 27 katika mechi 30. Lakini 8 kati ya hayo aliyafunga siku moja, tarehe 24 Novemba, Kyoto Sanga walipochapwa 13-1.

Hapo ndipo wastani unapotuchezea. 27 kwa 30 ni 0.9. Toa ile mechi moja, inabaki 19 kwa 29, karibu 0.66. Sisi tunaopima kasi ya seva tunaijua hadithi hii: ombi moja likikwama, wastani wa siku nzima unaharibika. Basi angalia namba zote mbili. Hata ile ya mwenye shaka, 0.66, ni mabao mawili kila mechi tatu. Hiyo pekee ilitosha kumwamini. Mwaka 2020, ligi kuu ya Japani: mabao 28 katika mechi 32, mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi.

Na zile mechi za kukauka je? Fanyeni hesabu. Tuseme mtu ana wastani wa bao 0.5 kwa mechi, na mabao yanakuja bila mpangilio. Hata asipopungua ubora wowote, mechi 6 kati ya 10 atatoka mikono mitupu. Kukosa mechi 3 mfululizo kutamtokea mara 22 katika kila 100. Kwa hiyo ukame mfupi peke yake hauthibitishi kitu.

Kuna jambo la pili: nani anampa mpira? Mbwana Samatta alifunga mabao 23 ya ligi akiwa na Genk, mabingwa wa Ubelgiji wa 2018/19. Mwaka 2020 akiwa Aston Villa, timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka, alipata bao 1 katika mechi 14 za ligi. Miguu ni ileile. Kabla ya kuhesabu mabao, hesabu nafasi alizopata.

Sasa turudi nyumbani. Olunga na Samatta walikuwa na rekodi. Aliyetaka kuchunguza zaidi aliweza. Kijana wa kiwanja cha vumbi Likoni hana. Skauti anavuka feri Jumamosi moja, anamwona siku yake mbaya, anarudi zake, na habari imeisha. Akimwona siku ya mabao 3, vilevile amedanganyika.

Ombi langu kwa makocha wa mitaani ni daftari moja tu. Kila mechi mstari mmoja: tarehe, mpinzani, dakika alizocheza kijana, nafasi alizopata, mabao. Mistari 20 ya namna hiyo ina uzito kuliko Jumamosi yoyote, na skauti hatakuwa na kisingizio.

Mkishaandika, leteni. Kuingiza kwenye kompyuta ni kazi yangu, bure.