Soma Gunia Kabla ya Kulifungua

Ndugu msomaji,

Mwezi huu tuache kidogo habari za mbolea na palizi. Tujifunze maneno machache ya Kiingereza. Ni maneno yanayoandikwa kwenye magunia, maboksi na magari ya mashirika ya kimataifa. Mara nyingi hayana Kiswahili pembeni. Lakini mengine yanaweza kuokoa maisha yako.

Tuanze na herufi kubwa. Ukiona U.N., huo ni Umoja wa Mataifa. Mashirika yake mengi hujulikana kwa herufi tu. Kila herufi ina neno lake.

W.F.P. ni Mpango wa Chakula Duniani. W ni ya neno "World", maana yake dunia. F ni ya "Food", maana yake chakula. P ni ya "Programme", maana yake mpango. Ulianzishwa mwaka 1961. Kazi yake ni kupeleka chakula penye njaa, vita au mafuriko.

F.A.O. ni Shirika la Chakula na Kilimo. F ni ile ile ya chakula. A ni ya "Agriculture", yaani kilimo. O ni ya "Organization", yaani shirika.

W.H.O. ni Shirika la Afya Duniani. W ni dunia tena, na O ni shirika tena. H ni ya "Health", yaani afya. Unaona, ndugu? Ukijua herufi chache, unasoma majina mengi.

U.N.H.C.R. ni shirika la kuhudumia wakimbizi. R ni ya "Refugees", yaani wakimbizi. Ndugu zetu wa Ngara wanazijua herufi hizo. Mwezi Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka pale Rusumo kwa muda wa siku moja hivi.

Basi, herufi kubwa zinakuambia nani ameleta mzigo. Hazikuambii namna ya kuutumia. Hayo husemwa na maneno madogo yaliyo chini yake. Watu wengi huyaruka.

Sikiliza yaliyotokea nchini Iraki. Ukame uliharibu mazao. Mwaka 1971 serikali ya huko ilinunua mbegu za ngano na shayiri kutoka Meksiko na Marekani, zaidi ya tani 90,000. Mbegu hizo zilikuwa zimetiwa dawa yenye zebaki ili zisioze ardhini. Zebaki ni sumu kali. Mbegu zilipakwa rangi, na magunia yaliandikwa onyo. Lakini onyo lilikuwa kwa Kihispania na Kiingereza. Wakulima wale walizungumza Kiarabu na Kikurdi.

Mbegu nyingi zilifika wakati wa kupanda umekwisha, na nyumbani njaa ilikuwapo. Watu wakaosha nafaka. Rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Wengine waliwapa mifugo kwanza, wakaona haifi. Basi wakasaga, wakaoka mikate. Sumu ile haiui siku ile ile. Dalili huja baada ya wiki kadhaa: ganzi, miguu kuyumba, macho kukosa nuru. Watu 6,530 walilazwa hospitali. Kati yao 459 walikufa. Wako pia waliokufa majumbani bila kuhesabiwa.

Walikosa maneno machache tu. Wewe yajue leo. Yaandike katika daftari lako:

"Food" husomwa fuud. Ni chakula. Herufi O mbili hapa husomwa kama U ndefu.

"Seed" husomwa siid. Ni mbegu. Herufi E mbili husomwa kama I ndefu. Ukiona neno hili, mzigo huo ni wa shamba, si wa jikoni.

"Treated" husomwa triited. Likiwa karibu na neno la mbegu, maana yake imetiwa dawa.

"Poison" husomwa poizon. Ni sumu.

"Do not eat" husomwa du not iit. Maana yake usile.

"Not for sale" husomwa not fo seil. Maana yake haiuzwi. Ukiuziwa gunia lenye maneno haya, uliza limetoka wapi.

"Aid" husomwa eid. Ni msaada. Lakini AIDS, kwa herufi kubwa na S mwishoni, ni UKIMWI.

Sasa tuyatumie. Mbegu bora za mahindi za dukani nazo mara nyingi hutiwa dawa na kupakwa rangi. Zikibaki, usizioshe ukazisaga. Usiwape kuku. Zifungie mbali na watoto. Mfuko wake usiweke unga wala chumvi, hata ukiufua mara tatu. Na kama neno hulielewi, usifungue. Mpelekee mwalimu au bwana shamba akusomee.

Kazi ya mwezi huu ni moja. Tafuta gunia tupu lenye maandishi ya Kiingereza. Kaeni watu wanne au watano, mlisome kuanzia juu hadi chini. Anayepika nyumbani awepo, maana yeye ndiye hufungua gunia wakati wengine hawapo.

Mwezi ujao tutarudi shambani.

Wako,
Bwana Shamba