Gari la Nyumbani: Mafuta ya Usukani na Haki ya Kuuliza

Wengi wa akina mama waliotoka Mombasa, Lamu na Malindi wakaenda kukaa Nairobi ndio waendeshao gari la nyumbani: asubuhi watoto shuleni, alasiri madrasa, na mwisho wa juma sokoni. Mafuta ya injini huyakumbuka, maji huyatazama, na breki huziogopa. Yasahauliwayo ni mafuta ya usukani, ambayo mafundi wa Nairobi huyaita mafuta ya steringi. Kwa kuwa hayajulikani, ni rahisi mwenye gari kulipishwa kazi isiyokuwapo, au kutiliwa mafuta yasiyofaa akaja kununua pampu nzima.

Basi na tuanze na swali la kwanza, ambalo wengi hawaliulizi: je, gari lako linayo mafuta hayo? Magari ya zamani kidogo, pamoja na mengi makubwa, husaidia mkono wa dereva kwa mafuta. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, na pampu huyasukuma mafuta kwa nguvu hadi kwenye mtambo unaogeuza magurudumu. Lakini magari mengi madogo yatokayo Japani, kama vile Toyota Vitz na Honda Fit, hutumia mota ya umeme badala yake. Hayo hayana kikopo wala mafuta ya usukani. Fundi akikuambia kwamba Honda Fit yako yahitaji kubadilishiwa mafuta ya steringi, mwombe kwa upole akuonyeshe kikopo chake. Asipokiona, na bili isiwepo. Usukani wa gari la namna hiyo ukiwa mzito, kinachotafutwa ni hitilafu ya umeme, na mara nyingi taa ya onyo huwaka mbele ya dereva.

Ikiwa gari lako linatumia mafuta, fungua boneti utafute kikopo kidogo chenye kifuniko kilichochorwa usukani au kuandikwa jina la mafuta yake. Baadhi ya vikopo vina alama mbili, moja ya kupimia injini ikiwa baridi na nyingine ikiwa moto. Tumia inayolingana na hali ya injini wakati huo. Futa shingo ya kikopo kwa kitambaa safi kabla ya kukifungua, kwani chembe za mchanga ni adui wa pampu.

Dalili za mafuta yaliyochoka hujitokeza kwanza pale gari linapogeuzwa likiwa limesimama au likienda polepole. Mwenye kutafuta nafasi ya kuegesha katikati ya jiji karibu na Msikiti wa Jamia siku ya Ijumaa, au mwenye kuingiza gari katika maegesho finyu ya chini ya maghorofa ya Kilimani na Kileleshwa, huhisi mapema kuliko yule aliye kwenye barabara iliyonyooka. Usukani huwa mzito, au gari hulia kwa mlio mrefu kila unapokata kona. Mlio mkali wa ghafla, hasa asubuhi, huenda ukawa ni mkanda uliolegea. Tazama pia rangi: mafuta mengi ya aina hii huwa mekundu au ya rangi ya asali yakiwa mapya. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, wakati wake umefika. Yakiwa na povu, hewa imeingia, na kwa kawaida sababu yake ni mafuta kupungua au mpira kuvuja.

Kuhusu muda, watengenezaji hawasemi neno moja, na baadhi yao hawaweki muda kabisa. Mafundi wengi hushauri kubadilisha kati ya kilomita 50,000 na 80,000. Kwetu Kenya kuna jambo la kuzingatia: sheria huruhusu kuingizwa gari lililotumika hadi miaka 8, na mnunuzi kwenye yadi za Ngong Road mara chache huonyeshwa kumbukumbu za matengenezo yake. Kwa hiyo gari ulilonunua hivi karibuni lihesabu kuwa halijabadilishiwa, ukague hali ya mafuta yake mwanzo kabisa. Baada ya hapo, tazama kiasi chake mara moja kwa mwezi.

Aina ya mafuta ndiyo mahali penye hatari kubwa. Toyota nyingi za usukani wa mafuta hutumia yale yale ya gia za otomatiki, yaitwayo Dexron. Honda zenye usukani wa mafuta zina mafuta yao maalumu, wala hazifai kutiwa ya gia. Magari mengi ya Ujerumani hutumia ya kijani, nayo hayachanganywi na mekundu. Kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kifuniko ndiyo ya kufuatwa. Na lililo kubwa zaidi: mafuta ya breki yasitiwe kwenye usukani, wala ya usukani yasitiwe kwenye breki. La kwanza huharibu mipira ya pampu, na la pili huivimbisha mipira ya breki hata zikashindwa kufanya kazi.

Njia rahisi ya kubadilisha yaweza kufanyika uani. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, vuta mafuta ya zamani kutoka kwenye kikopo kwa bomba la sindano kubwa lililo safi, kisha jaza mapya hadi kwenye alama. Washa injini, geuza usukani taratibu kutoka kulia hadi kushoto mara kadhaa, lakini usiushikilie mwisho wa kona, kwani hapo pampu huelemewa. Zima, tazama, urudie. Kila mara mafuta mapya huchanganyika na yaliyobaki ndani, kwa hiyo rudia mara tatu au nne, pengine kwa siku mbalimbali, hadi rangi itakate. Njia ya pili, ya kufungua mpira wa kurudishia mafuta na kuinua magurudumu ya mbele, huyatoa yote kwa mara moja. Hiyo mwachie fundi, ila uwepo akiifanya.

Mafuta ya usukani hayaliwi na injini. Yanapopungua, yanavuja. Mwenye kuongeza kila wiki bila kutafuta tundu anajilimbikizia gharama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Weka karatasi au kipande cha boksi chini ya gari usiku, na asubuhi utaona tone linaangukia wapi. Hilo pekee litampunguzia fundi kazi ya kubahatisha, nawe litakupunguzia malipo.

Na likitokea barabarani, tuseme kwenye Barabara ya James Gichuru au karibu na Dagoretti Corner, usukani ukawa mzito ghafla, usiogope: magurudumu bado yanageuka, ila yanataka nguvu zaidi. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, uegemee kushoto usimame. Ikiwa taa ya betri nayo imewaka, huenda mkanda umekatika, na katika magari mengine mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Zima injini kabla haijachemka.

Ukienda kununua spea Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, nunua chupa iliyofungwa, uivunje sili wewe mwenyewe. Kwa fundi, awe wa hapo au wa Kawangware, uliza maswali matatu kabla kazi haijaanza: Yanatiwa mafuta gani? Yanavuja wapi? Na ya zamani yataenda wapi? Swali hili la mwisho si la udadisi. Mto Nairobi unapita nyuma ya gereji za Grogan, na mafuta yamwagwayo mtaroni huishia humo. Yatiwe kwenye chupa, yakabidhiwe gereji inayokusanya mafuta machafu.

Fundi mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo, kwani kazi aliyopewa ni amana, na anayejua alichofanya hujibu kwa maneno machache. Anayekasirika kwa kuulizwa, mchukulie gari lako uondoke nalo kwa salama. Wiki ijayo, inshallah, tutaitazama mikanda ya injini.