Programu ya Muziki Isiyomjua Mtunzi Haitufai

Haya wadau wa Linux, leo sina somo la amri wala la kuweka Ubuntu. Leo nina malalamiko.

Fungua Rhythmbox. Fungua Clementine, au Strawberry iliyochipuka kutoka kwake mwaka 2018. Fungua Amarok iliyorudi na toleo la 3.0 mwaka 2024. Zote zinakuwekea mbele mambo yale yale: msanii, albamu, wimbo. Kwa mwanamuziki anayejitungia na kujiimbia, sawa. Kwa taarabu ya Lamu na Mombasa, hapana!

Taarabu ni shairi kwanza. Anayetunga ni mmoja, anayeimba mara nyingi ni mwingine. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, tunamkumbuka kwa udi na sauti yake, lakini aliimba pia mashairi ya watu wengine. Hao wako wapi kwenye orodha yako? Na hiyo albamu ni ipi? Nyimbo hizi zilitembea kwa kanda, nyingine za maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa, nyingine zilirekodiwa harusini. Harusi si albamu jamani.

Sasa kanda zinaharibika, watu wanazihamishia kwenye tarakilishi, na flashi inazunguka kutoka Shela hadi Faza imejaa mafaili yanayoitwa 01.mp3, 02.mp3. Mwimbaji atatambulika kwa sauti. Mtunzi hana sauti humo. Kama hakujitaja mwenyewe kwenye beti za mwisho na hakuna aliyeandika jina lake, amepotea.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nafasi ya kuandika ipo! ID3v2.3, utaratibu wa lebo za mp3 wa tangu 1999, una sehemu iitwayo TEXT kwa mtunzi wa maneno, TCOM kwa mtunzi wa muziki na TPUB kwa mchapishaji. Kwenye FLAC na Ogg Vorbis unabuni lebo yako mwenyewe: MTUNZI, DUKA, HARUSI. Faili liko tayari kusema, programu ndiyo inayolinyamazisha.

Najua mtakayosema.

"Tumia Quod Libet." Kweli inasoma lebo yoyote, hongera kwao. Lakini mpaka uibadilishe ikuoneshe unachotaka, umeshahangaika. Mzee mwenye sanduku la kanda hatahangaika, ataacha.

"Sikiliza YouTube." Kwa bando la nani? Na huko aliyepandisha wimbo ndiye anayeandika jina alitakalo.

"Lamu nani ana Linux?" Windows 10 ilikatiwa huduma Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashine nyingi kuukuu. Mashine hizo hizo Linux inazifufua.

Ninachotaka si kikubwa. Dirisha moja, kwa Kiswahili, lisilohitaji intaneti. Mtunzi mbele, kisha mwimbaji, kisha kanda na upande wake, A au B. Nikibofya jina la mtunzi, nione kila aliyeimba shairi lake.

Kazi ngumu imeshafanywa. GStreamer inacheza sauti, SQLite inatunza orodha, na hataza za mp3 zilizotusumbua miaka mingi zilikwisha mwaka 2017. Kiswahili je? Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi! Mzee Ahmed Sheikh Nabhany wa Matondoni alitubunia neno runinga. Sisi tushindwe na vitufe vya Cheza na Simama?

Wanaojua Python, karibuni tuandike. Wasiojua wana kazi kubwa zaidi: kabla hujahamisha kanda ya nyumbani, muulize mzee shairi ni la nani, kisha uandike jina. Programu inaweza kungoja mwaka. Mzee huenda asingoje.