Randa ya babu isiuzwe kwa kilo

KIBOMBO – Fundi mwenye njaa akiuza randa ya zamani kwa mnunuzi wa vyuma, analipwa kwa kilo, na pesa hiyo inaisha siku ileile. Kesho yake anaomba randa kwa jirani. Biashara hiyo ni hasara.

Kutu ya juu haimaanishi kwamba chombo kimekufa. Chuma kilowekwe usiku mmoja ndani ya maji ya ndimu, kisuguliwe kwa mchanga laini, kioshwe, kikaushwe vizuri, kisha kipakwe mafuta kidogo. Kisu cha randa kinolewe juu ya jiwe lenye maji. Meno ya msumeno yapigwe tupa ya pembe tatu. Mpini uliooza uchongwe mpya. Ni kutu iliyokula makali hadi ndani tu ndiyo inayoshinda fundi.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili ni zito zaidi. Mashine haibebwi kichwani, tena inataka umeme ama mafuta. Randa, patasi na nyundo vinaingia ndani ya mfuko mmoja, na popote penye mbao mtu atatengeneza kiti, mlango ama kitanda, apate chakula cha watoto.

Basi wanaogawa misaada, pamoja na unga na turubai, waongeze tupa na jiwe la kunolea. Na wazee mafundi wawaite vijana, wenyeji na waliohama pamoja, wawafundishe kunoa. Randa isiyo na mtu wa kuinoa itarudi tu kwenye mizani ya vyuma.