Goma: Mpangaji anahamia nyumba mpya, lakini umeme unachaguliwa na wengine

Katika mji wa Goma, jimbo la Kivu Kaskazini, umeme unauzwa na kampuni kadhaa: SNEL ya serikali, Virunga Energies, SOCODEE na Nuru. Miji mingi ya Kongo haina bahati hiyo. Hata hivyo, jamaa inayohamia nyumba mpya na kutaka kuacha kampuni moja ili kuingia kwa nyingine inagundua haraka kwamba uwezo wa kuchagua hauko mikononi mwake. Uko kwa mwenye nyumba, na kwenye nguzo zinazopita mbele ya parseli.

Jambo hili linagusa watu wengi. Mlipuko wa volkano Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ulichoma nyumba na kuhamisha jamaa nyingi. Vita vilivyofika ndani ya mji mwezi wa kwanza 2025, wakati AFC/M23 ilipochukua Goma, vilisukuma tena watu kubadilisha kata na nyumba. Kila mara swali la kwanza huwa bei ya nyumba na la pili maji. Swali la umeme huulizwa kiisha mizigo kushushwa, wakati ambapo mpangaji hana tena nguvu ya kubishana.

Mlango uliofunguliwa mwaka 2014

SNEL iliundwa mwaka 1970, na kwa zaidi ya miaka 40 ndiyo iliyokuwa karibu peke yake katika kazi ya umeme nchini. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliruhusu kampuni za kibinafsi kutengeneza, kusafirisha na kuuza umeme.

Goma ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuona matunda yake. Kituo cha Matebe, katika wilaya ya Rutshuru, chenye uwezo wa megawati 13,1, kilizinduliwa mwezi wa kumi na mbili 2015. Ni cha Virunga Energies, kampuni iliyozaliwa na kazi za mbuga ya Virunga. Mwaka 2020, Nuru ilizindua kituo cha umeme wa jua cha megawati 1,3 katika kata ya Ndosho, komini ya Karisimbi. SNEL nayo iliendelea kutegemea vituo vya mto Ruzizi, karibu na Bukavu.

Kwa mkaaji wa kawaida hayo yalikuwa mabadiliko makubwa. Mahali ambapo watu walizoea kulipa fakture ya mwezi hata kama umeme ulionekana siku chache tu, ilifika mita ya cash power: unanunua unite, unatumia, zikiisha unanunua tena.

Waya tofauti, si jina tu

Mkongomani anayeishi Ubelgiji akihama nyumba, anaweza kubadilisha muuzaji wa umeme bila fundi kugusa waya. Kule waya za mtaa ni za msambazaji mmoja, na wauzaji mbalimbali wanapitisha umeme wao humo. Kinachobadilika ni mkataba na jina lililo juu ya fakture.

Goma haiko hivyo. Kwa sehemu kubwa, kila kampuni ina nguzo zake, waya zake na mita zake. Kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine ni kuanza kazi upya: kuomba, kungoja fundi aje kuangalia, kulipia kuunganishwa, kuvuta waya mpya hadi ndani, na mara nyingine kurekebisha waya za nyumba nzima, zaidi sana katika nyumba za mbao ambako waya mbovu unaweza kuleta moto. Na kama kampuni unayoitaka haina laini kwenye avenue yako, maneno yanaishia hapo.

Ndiyo maana jamaa iliyozoea kupika kwa umeme katika kata moja inaweza kurudi kwenye makala kiisha kuhamia kata nyingine. Bajeti ya mwezi inabadilika, hata kama kodi ya nyumba imebaki ileile. Makala mengi yanayoingia Goma yanatoka upande wa mbuga ya Virunga. Hivyo laini isiyofika kwenye avenue inalipwa pia na miti.

Nani alipe kazi inayobaki ukutani?

Tatizo la pili ni la mfuko. Mita na waya vinabaki ukutani mpangaji anapoondoka. Akilipa kuunganishwa leo na kufukuzwa kiisha miezi sita, ameboresha nyumba ya mtu mwingine. Mwenye nyumba naye haishi humo na hasumbuliwi na giza. Haraka yake ni ndogo. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na nyumba inabaki na kampuni ileile miaka na miaka. Ushindani ambao sheria ya 2014 ilitaka unakwama mlangoni mwa parseli.

Tatizo la tatu ni deni. Pale fakture inapoandikwa kwa jina la mwenye nyumba au la mpangaji wa zamani, anayeingia anaweza kukuta miezi isiyolipwa. Waya ukikatwa, anayelala gizani ni yeye, hata kama hakutumia umeme huo. Cash power inapunguza hatari hiyo, kwa sababu mtu analipa mbele, lakini haiimalizi. Mita ikiwa imeandikwa kwa jina la mtu aliyehama, kuomba fundi au kutoa malalamiko kunakuwa shida. Na pale wapangaji watatu au wane wa parseli moja wanapotumia mita moja, ugomvi wa nani alimaliza unite hauna mwisho.

Sheria ya nyumba inasaidia kidogo

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu kupangisha nyumba za kuishi inasema kwamba garanti haipaswi kupita kodi ya miezi mitatu. Wapangaji wengi wanajua kwamba kanuni hiyo haifuatwi kila mahali. Anayelipa garanti kubwa siku ya kuingia habaki na pesa za kuvuta waya mpya.

Lakini mkataba wa kupanga ndiyo silaha ya karibu zaidi. Mambo manne yanaweza kuandikwa humo bila gharama yoyote: namba ya mita na jina la kampuni, kiasi kilichosomwa kwenye mita siku ya kuingia, au unite zilizobaki, neno la mwenye nyumba kwamba deni lolote la zamani ni lake, na, kama mpangaji ndiye atalipia kuunganishwa, namna pesa hizo zitakatwa kwenye kodi. Neno la mdomo halitoshi. Picha ya mita iliyopigwa siku ya kwanza, mbele ya mwenye nyumba, imeepusha magomvi mengi.

Kabla ya kutoa garanti, ni vema pia kuuliza majirani wa avenue: ni laini gani inapita, inakatika mara ngapi, na je, nguvu yake inabeba jiko au inatosha taa na simu tu. Majirani hawana nyumba ya kupangisha.

Kazi inayobaki kwa wakubwa

Mpangaji peke yake hawezi kumaliza shida hii. Mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme, ARE, ilipewa kazi ya kuangalia bei na kupatanisha kampuni na wateja. Lakini iko Kinshasa, na tangu mwanzo wa 2025 njia kati ya ofisi za Kinshasa na mkaaji wa Goma imekuwa ndefu kuliko zamani.

Hata hivyo, hatua mbili hazihitaji kituo kipya wala mfadhili. Ya kwanza: deni lifuate mtu aliyetumia umeme, lisifuate ukuta. Ya pili: kampuni zikubali kubadilisha jina kwenye mita kwa kuona mkataba wa kupanga, bila kumlazimisha mpangaji kumtafuta aliyehama. Ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni kampuni kupitishiana umeme kwenye nguzo zilezile badala ya kila moja kupanda zake.

Hadi hapo, mkaaji wa Goma ataendelea kuchagua umeme kwa namna moja tu: kwa kuchagua nyumba. Kwa hiyo swali la umeme linapaswa kuulizwa siku ya kutembelea nyumba, kabla garanti haijatoka mfukoni.