Si kila nyika inaomba miti

SAFU: BARAZA LA IJUMAA
Na Zuhura Mbwana

Katika Milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, wanaishi watu wapatao elfu mbili ambao hekalu lao ni banda la maziwa. Wanaitwa Watoda. Kuhani wao ni mkamuaji, vyombo vyao vitakatifu ni vibuyu na mitungi ya mtindi, na mnyama anayebeba dini yao yote ni nyati wa maji mwenye pembe ndefu, wa aina inayopatikana milimani humo.

Wanaoandika habari zao hupenda kuwapamba: walinzi wa mazingira, watu waliobaki na siri ya kuishi na asili. Sifa si mbaya, ila zina hila ndani yake. Zinatufanya tudhani utakatifu wa Watoda ni hisia tu, kwamba wanaipenda milima kama mtalii anavyoipenda picha yake. Ukweli ni kwamba utakatifu huo ni kazi, na kazi hiyo inahitaji malisho. Malisho yakiondoka, sifa zote tunazowamwagia hazijazi hata kibuyu kimoja.

Itazame kazi yenyewe. Mwingereza W. H. R. Rivers, aliyekaa nao kati ya 1901 na 1902 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1906, aliieleza hatua kwa hatua. Banda la maziwa limegawanywa sehemu mbili. Ndani kabisa huwekwa vyombo vinavyogusa maziwa ya nyati watakatifu. Sehemu ya nje huwekwa vyombo vya kupelekea siagi na mtindi kwa watu wa kawaida. Vyombo vya pande hizi mbili havigusani kamwe. Kuhani akitaka kutoa kilicho ndani, hukimimina kwanza kwenye chombo cha tatu, cha katikati, ndipo kiende nje. Maziwa ya leo hugandishwa kwa mtindi uliobakizwa jana, kama wafanyavyo akina mama wengi wa jamii zetu za wafugaji, lakini kwa Watoda mbegu hiyo ya mtindi ni amana. Ikiharibika au ikinajisika, huanzishwa upya kwa ibada maalumu.

Kuhani huyo huyo ana sala zake, na sehemu kubwa ya sala ni kutaja majina: kilima fulani, kijito fulani, jiwe, zizi, nyati jike wa ukoo fulani. Akimaliza kutaja ndipo anaomba nyati wawe salama, ndama wapone, maradhi na wanyama wakali wakae mbali. Huwezi kuisali sala hiyo ukiwa mahali popote duniani, kwa sababu ramani ya milima imo ndani yake.

Hata simulizi lao la uumbaji halimweki mwanadamu mbele. Mungu Ön alipanda kwenye safu ya Kundah akawatoa nyati kutoka ardhini, na nyati wa mwisho alipochomoza, nyuma yake alikuwepo mtu ameushika mkia. Huyo ndiye Mtoda wa kwanza. Kwa simulizi hilo, mwanadamu alikuja duniani akiwa ameburutwa na mfugo wake.

Sisemi haya ili tuwafanye malaika. Mabanda hayo ya maziwa ni marufuku kwa wanawake, na kukamua nyati ni kazi ya wanaume peke yao. Historia yao ina mambo ambayo Watoda wenyewe wameyaacha, yakiwemo mauaji ya watoto wachanga wa kike. Jamii yoyote ina mazuri yake na makovu yake. Ninachowatetea hapa si kila mila, bali nyasi.

Juu ya Nilgiri, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maumbile yamepangwa kwa namna isiyo ya kawaida. Misitu mifupi, minene, imejibana mabondeni kwenye vijito. Vilima vyote vilivyobaki ni nyasi tupu, wazi, zenye umande na baridi kali ya usiku. Mtu aliyezoea kupima utajiri wa nchi kwa miti akifika hapo huona pengo. Waingereza waliona hivyo. John Sullivan, mtawala wa wilaya ya Coimbatore, alipanda milima hiyo mwaka 1819, na miaka michache baadaye akajenga Ootacamund, mji ambao serikali ya Madras ilikuja kuufanya makimbilio yake ya msimu wa joto. Mji ulitaka kuni, na nyasi zikahesabiwa kuwa ardhi isiyo na kazi. Ikaletwa mikaratusi na miwati kutoka Australia.

Lawama haziishii kwa mkoloni. Baada ya uhuru wa 1947, idara ya misitu iliendelea na kazi hiyo kwa bidii zaidi: miwati kwa ajili ya magome yanayotumika viwandani kusindika ngozi, mikaratusi kwa ajili ya viwanda vya nyuzi za nguo. Mabwawa ya umeme nayo yakameza mabonde. Viazi na chai vikachukua miteremko. Hakuna aliyetangaza vita dhidi ya dini ya Watoda, wala hapakuwa na haja. Nyati walikosa pa kulisha, wakapungua hadi kubaki maelfu machache, na makuhani wakapungua pamoja nao. Daraja la juu kabisa la ukuhani wao, lile lililodai mwanamume aishi mbali na ndoa na kijiji akiwatumikia nyati watakatifu, halipo tena.

Wanasayansi walikuja kugundua baadaye kwamba pengo lile halikuwa pengo. Uchunguzi wa mboji ya kale iliyolala chini ya vinamasi vya Nilgiri umeonyesha kwamba nyasi zilikuwepo huko tangu miaka ipatayo 20,000 iliyopita. Yaani si msitu uliofyekwa na wachungaji, ni nyika iliyo nyika tangu asili. Nyasi hizo na vinamasi vyake hushika mvua za masika na kuziachia taratibu kwenye vijito vinavyolisha mto Bhavani, ambao nao humwaga maji yake katika mto Kaveri, tegemeo la wakulima wa mpunga walioko mbali bondeni. Miwati hunywa maji mengi, na mbegu zake hulala ardhini kwa miongo kadhaa zikingoja moto au shoka zichipue. Ndiyo maana kuiondoa ni shughuli nzito kuliko kuipanda. Mahakama Kuu ya Madras imeshaitaka serikali ya jimbo iondoe miti vamizi, na kazi hiyo inakwenda kwa kusuasua.

Hapo ndipo ujuzi wa Watoda unapoonekana thamani yake. Nyumba zao za asili, zenye paa la mviringo kama nusu ya pipa na mlango mfupi unaomlazimu mtu kuingia akitambaa, huezekwa kwa nyasi maalumu za vinamasi. Mwezekaji ndiye wa kwanza kujua kwamba kinamasi fulani kimekauka, kwa sababu mwaka huu hana cha kuezekea. Hahitaji ripoti ya mtaalamu. Na bado ni mtaalamu anayealikwa kwenye kikao, huku Mtoda akialikwa kucheza ngoma mbele ya wageni na kuuza shali. Shali zenyewe, nyeupe zenye taraza nyekundu na nyeusi zinazodariziwa na wanawake, zilipewa ulinzi wa kisheria wa jina la asili mwaka 2013. Ni jambo jema. Lakini serikali iliyolinda jina la shali ilichukua muda mrefu mno kuyalinda malisho.

Kwa nini mwandishi wa Kiswahili aandike haya? Kwa sababu muwati ule ule uko kwetu. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa Njombe mwaka 1949 kwa mtaji wa shirika la maendeleo la kikoloni la Uingereza, kwa hesabu ile ile ya magome na ngozi. Sipingi miti ya biashara. Njombe na Mufindi kuna familia zilizosomesha watoto kwa mbao, na aliyekaa mjini hana haki ya kuwabeza. Ninachopinga ni imani kwamba popote pasipo na miti pana kasoro. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ni nyasi na maua, na Tanzania iliona busara kuufanya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Angefika pale mtu mwenye lori la miche na lengo la kutimiza, angeuharibu kwa nia njema kabisa.

Malengo ya namna hiyo ndiyo mtindo wa sasa. Kenya imejiwekea shabaha ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na nchi jirani nazo zina kampeni zao. Misitu iliyokatwa irudishwe, hilo halina mjadala. Lakini idadi kubwa inahitaji ardhi kubwa, na ardhi inayoonekana rahisi kuitwaa ni ile ya mfugaji, kwa kuwa haina ua, haina hati, na kwa macho ya ofisini haina kitu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, afisa misitu akae na wanaochunga hapo na awaulize nyasi zile zina kazi gani, maji yanakwenda wapi, na ng'ombe watakwenda wapi. Majibu yaandikwe, na yawe na nguvu ya kuzuia mradi. Mche ukipandwa pasipo pake ni mvamizi, hata kama aliyeumwagilia maji ya kwanza ni waziri.