Maziwa Mabichi na Wakili Wake Mpya

Imeenea, bara na pwani, itikadi ya kwamba maziwa yanyweka mabichi, yangali na joto la kiwele, kwa kuwa moto wa jikoni huiteketeza kinga iliyomo ndani yake. Na siku hizi itikadi hiyo, ambayo zamani ilisimama kwa mazoea tu, imejipatia wakili mpya, naye ni maabara. Husemwa kuwa wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba vipande vidogo vya protini za maziwa, viitwavyo peptidi, huzitia nguvu chembe nyeupe za damu; basi anayeyachemsha maziwa ameifuja neema.

Kauli hiyo haikosi asili. Katika miaka ya 1980 Pierre Jollès na wenzake wa Ufaransa walionyesha kuwa peptidi zilizotokana na kaseini ya maziwa ya binadamu huzizidishia bidii makrofaji za panya, yaani zile chembe zimezazo vitu vigeni mwilini. Lakini hayo yalionekana katika vyombo vya kioo, na mnywaji ana utumbo, ambao vimeng'enya vyake huzikata peptidi tena na tena, hata aghalabu zisifike damuni zikiwa nzima. Tena, na hili ndilo linalonistaajabisha, peptidi hizo huzaliwa tumboni kimeng'enya kiitwacho pepsini kinapoikata kaseini, au katika mtindi bakteria wanapoikata. Na kaseini, iliyo kadiri ya asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe, huustahimili mchemko. Laktoferini, protini ya kinga iliyomo katika maziwa, huharibika kwa moto, sikatai. Ila hiyo ni sehemu ndogo mno ya maziwa hayo.

Ama awezaye kuwamo katika maziwa mabichi, na ambaye mawakili hawa hawamtaji, ni bakteria aitwaye brusela. Mwaka 1887 David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza, alimweleza kijidudu huyo, aletaye homa ya Malta. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akambaini katika mbuzi wa kisiwa hicho, ambao maziwa yao watu waliyanywa bila shaka wala hofu. Kijidudu huyu akimezwa na makrofaji huponyoka kuuawa, akafanya maskani humo humo na kuzaana, na mgonjwa akatokwa jasho usiku na kuumwa viungo miezi, pengine akitibiwa malaria asiyokuwa nayo. Anayesifu maziwa mabichi kwa ajili ya chembe za kinga anazipelekea chembe hizo hizo mpangaji asiyetoka kwa hiari. Mchemko mmoja humwua, na kaseini hubaki ikiingoja pepsini.